Bakuli la Firigisi

Nasimiyu,

Watu huanza barua kwa kusema wao ni wazima, hofu ni kwako uliye mbali. Wewe hujawa mbali bado. Uko chumba cha pili unafunga katoni, nasikia tepu ikilia kila ukiivuta. Mimi ni mzima kiasi. Hofu yangu haiko kwako, iko kwa baba yako, ndiyo sababu nimekaa mezani na kalamu ya zahanati badala ya kuja kukusaidia kukunja nguo.

Sitakuambia uvae sweta ukishuka Nairobi. Sitakuambia usimwachie mtu mkoba wako, wala usali kabla ya kula, wala uwaamkie wazee wa pale nyumbani mmoja mmoja. Shangazi zako watakuambia hayo yote mpaka uombe maji ya kunywa. Mimi nataka kukuandikia juu ya kuku.

Najua umekunja uso. Juzi nilipoiona tena ile picha aliyokutumia baba yako, banda jipya la mabati huko Bungoma na ubao wenye jina lako na lake kwa rangi nyekundu, nilicheka, ukaninyang'anya simu.

"Mum, watu huchange," ulisema. "Dad amechange. Si umpe tu chance?"

"Amepewa nyingi."

"Kwani wewe umewahi kumwamini mtu yeyote?"

Nikakuambia ninaiamini friji, kwa sababu hata ikizima inabaki pale pale jikoni. Ukaenda chumbani kwako, na tangu siku hiyo tunaongea kama watu wanaopishana kwenye lifti. Kesho unaenda kuishi na baba yako na kufuga naye kuku wa nyama. Umeshakuwa mtu mzima, tikiti unayo, sikuzuii. Ila unakwenda na hadithi nusu. Ulikuwa na miaka kumi na minne tulipofuga wale wa kwanza hapa Doha, na kila ukisimulia kwa rafiki zako unasimulia vipande vya kuchekesha tu. Ngoja nikupe vile vingine.

Tulikuwa bado kwenye ile nyumba ya zamani hapa hapa Mansoura, tuliyogawana na Abuu na mkewe Mama Zuhura, watu wa Mombasa. Uwanja wa nyuma ulikuwa wa wote. Baba yako alikuwa amepoteza kazi yake ya kompyuta, na visa za nyumba nzima zilikuwa zimening'inia kwenye jina langu. Mimi nilikuwa zamu baada ya zamu kule zahanati ya Al Sadd. Yeye alikuwa kwenye kochi na simu, anatazama video za kufuga kuku.

Wale vijana wa video siwapendi mpaka leo. Gambuti safi kama zimetoka dukani asubuhi hiyo, kuku weupe pe, mavi huoni hata tone. "Ni rahisi sana, ndugu zangu," wanasema, halafu muziki. Hawaonyeshi kuku aliyekufa, na hawaonyeshi mke wa mwenye kuku akisugua sakafu. Baba yako aliwaita walimu wake. Mtu mwenye digrii alikuwa akisimamisha video ili aandike maneno ya kijana ambaye hata banda lenyewe si lake.

Akaleta vifaranga kwenye boksi, kutoka kwa mtu mmoja wa shamba nje ya mji. Ilikuwa mwezi wa nne. Sasa sikiliza kosa ambalo mtu wa Bungoma hawezi kulifanya akiwa Bungoma, mpaka aje akae Doha. Sisi watu wa hapa tuna adui mmoja tu, joto. Tukipata mgeni tunamwashia kiyoyozi kabla ya kumpa kiti. Basi baba yako akaliweka boksi sebuleni, akawasha kiyoyozi, akakishusha kwenye baridi kabisa.

"AC ndiyo itawaokoa," alisema. "Joto la huku litawamaliza."

Ningependa kuandika kwamba nilimkanya. Mimi, muuguzi niliyeanzia wodi ya watoto wachanga, ninayemvisha mtoto kofia kabla hata hajaonyeshwa kwa mama yake, nilipita pale asubuhi nikienda kazini, nikawasikia wanalia, nikasema kumbe wanasikia joto, nikakishusha kiyoyozi zaidi. Jioni niliporudi walikuwa wamerundikana pembeni mwa boksi, mmoja juu ya mwingine, wakitafuta joto. Wa juu walikuwa hai. Wa chini tuliwatoa wakiwa wamebanwa, wamekufa. Nje ya ule mlango, bure, kulikuwa na joto lile lile walilolihitaji.

Tukazima kiyoyozi, tukaweka taa, tukatokwa na jasho nyumba nzima. Na hapa nitamtendea haki baba yako, kwa sababu nisipofanya hivyo utasema mama ana roho mbaya tu. Wiki ile alilala chini, kwenye mkeka, kando ya boksi. Alikuwa akiisogeza taa kidogo huku, kidogo kule, akiwatazama wanavyolala. Aligundua mwenyewe kwamba wakirundikana ni baridi, wakikimbilia pembeni midomo wazi ni joto, wakitapakaa kama watoto waliochoka kucheza mambo ni sawa. Hilo hakulipata kwenye video. Ukifika huko mtazame akiwa na vifaranga wa siku moja, utampenda. Mimi nilimpenda hivyo hivyo. Baba yako ni mtu wa mwanzo, hakuna anayemshinda kwenye mwanzo, na mimi niliolewa mwanzoni.

Tatizo la kuku wa nyama ni kwamba wana mwisho, na mwisho wenyewe unajulikana tangu siku ya kwanza. Walikua haraka kuliko tulivyodhani. Tukawahamishia uwanjani, chini ya turubai. Harufu ikaanza. Watu wa ushirika wetu wa kanisa, ambao zamani walikuwa hawakosi chai yangu, wakaanza kukutana kwa watu wengine. Mlinzi wa mwenye nyumba akawa anapita akitazama juu, kama mtu anayehesabu ndege, kwa sababu nilikuwa nikimpa chakula. Wiki ya sita ikaisha, na kila Ijumaa baba yako akawa na neno.

"Wacha wanenepe kidogo."

Kuku alikuwa hawezi kusimama kwa uzito wa kifua chake, yeye anasema anenepe kidogo. Aliita kunenepesha. Mimi niliita kuogopa, na nilimwambia hivyo mbele ya Abuu. Mwezi wa tano ukaisha, na unajua mwenyewe Doha inavyokuwa. Sasa joto lilikuwa adui kweli, na sasa ndipo hakutaka kulikubali. Siku moja turubai likang'oka kwa upepo, nikarudi kutoka kazini nikakuta kuku wakubwa kadhaa wamelala kifudifudi kwenye jua, mabawa wazi, wamekufa. Yeye alikuwa ndani, kwenye kiyoyozi, akitafuta video inayoeleza kuchinja.

Nikasema Ijumaa hii, iwe mvua iwe jua. Mvua Doha, unajua nilikuwa namtania. Hakucheka.

Kwetu Bungoma kukiwa na karamu ya watu mchanganyiko, huitwa Mwislamu achinje, ili kila mtu ale bila maswali. Ni adabu nzuri na sina neno nayo. Kwa hiyo wote tulijua bila kuulizana kwamba Abuu ndiye atakayechinja. Baba yako akajificha nyuma ya adabu hiyo kwa furaha kubwa. Akamnunulia Abuu kisu kipya, akakinoa, akamkabidhi kwa mikono miwili. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza Abuu kama anajua. Yule bwana alikuwa mpokezi wa hoteli, mwenye kucha zilizokatwa vizuri na marashi, na sisi tulimtazama tukaona mchinjaji.

Tulikosa kanisa siku hiyo, maana ibada ya huku ni Ijumaa, tukaamka mapema ili tumalize kabla ya jua kuchacha na kabla Abuu hajaenda swala ya Ijumaa. Maji yalikuwa jikoni, mabeseni yamepangwa. Kuku wa kwanza alipokamatwa tu, simu ya baba yako ikalia. Au alisema imelia. Rafiki yake alikuwa amekwama Industrial Area, huko pembeni mwa Doha, gari limezima, hana mtu.

"Narudi sasa hivi," alisema. Hata viatu alivaa akitembea.

Abuu akabaki na kisu. Akamwangalia kuku, kuku akamwangalia. Akakigeuza kisu mkononi, makali yakamwelekea yeye.

"Wallahi mie kuku namjua akiwa sahanini," akasema. "Kwetu twanunua kashachinjwa. Kwani kila Muislamu ni mchinjaji?"

Mama Zuhura alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na alicheka mpaka buibui likamtoka kichwani.

"Nipe kisu hicho usije ukajichinja mwenyewe. Babangu alikuwa na duka la kuku, mie ndiye niliyekuwa nikimchinjia."

Nikamuuliza kama mwanamke anaruhusiwa.

"Mbona asiruhusiwe? Bora atie bismillahi na kisu kiwe kikali. Hawa waume zetu ndio waliotufanya tudhani hatuwezi, kisha wakitakiwa, hawaonekani."

Nilijisikia mjinga, nakuambia kweli. Mama yangu alikuwa akizunguka mtaa mzima na kuku kwapani akitafuta mwanamume wa kumchinjia, mwanamume yeyote, hata yule mlevi wa njia panda ambaye kisu tulikuwa tukimshikia kwanza asijikate. Nimezalisha wanawake, nimeshona vidonda, nimefunga macho ya wafu, na nilikuwa nimefika umri huo nikiamini kwamba shingo ya kuku inahitaji mwanamume.

Mimi nilikuwa kwenye maji, na huko nako nilikuwa na ujinga wangu. Mama yangu alikuwa akimtia kuku kwenye maji yanayotokota, na mimi nikatokosha. Kuku wa kienyeji ana ngozi ya kuhimili hayo. Hawa wa wiki chache ngozi yao ni laini, na wa kwanza nilipomvuta manyoya ngozi ikaja nayo, akabaki uchi kifua kizima. Mama Zuhura akasema huyo tumle sisi, wageni wasimwone. Tukapunguza moto, waliofuata wakatoka vizuri. Hilo chukua, kwa sababu najua baba yako hatakuwa nalo. Hakuwepo.

Wewe hukuitwa. Ulitoka mlangoni na fulana ya kulalia, ukasimama, kisha ukaja ukashika mabawa na miguu kama Mama Zuhura alivyokuonyesha. Yule wa kwanza alipopiga mateke ulifumba macho. Wa pili ukayafumbua. Ulilia asubuhi nzima, machozi na makamasi, hukuwa na mkono wa kujifutia, na hukumwachilia hata mmoja. Nilikuona kutoka kwenye mvuke wa sufuria na nikashindwa kusema neno, kwa sababu ningesema ningelia na mimi, na kuku walikuwa bado wengi. Nimekaa na neno hilo muda wote huu. Nilijivunia wewe siku ile kuliko siku nyingine yoyote, ukiwemo ule usiku wa cheti chako.

Baba yako alirudi baada ya adhana ya alasiri. Shati lake lilikuwa safi. Sisi watatu tulikuwa tunanuka damu na manyoya mpaka kwenye nywele, na yeye shati lake lilikuwa na mkunjo wa pasi. Watu wa ushirika nao wakawa wameingia, pua zao zimepona ghafla, kila mmoja na chombo cha plastiki kwenye mkoba. Akawakaribisha.

"Karibuni, karibuni. Hawa tumewafuga wenyewe," akasema.

Akanawa mikono. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya siku hiyo. Akakaa pale mbele ya meza, na mbele yake kulikuwa na bakuli zima la firigisi, nilizozikaanga na vitunguu. Unajua kwetu firigisi ni ya baba. Kuku akipikwa, hata nyumba ikiwa na watu ishirini, firigisi humngoja yeye. Ukimnyima umemwambia kitu ambacho hakirudishwi. Nililijua hilo vizuri nilipolinyanyua lile bakuli mbele ya uso wake, nikaliweka kati yako na Mama Zuhura.

"Firigisi ziko wapi?" akauliza, huku akizitazama.

"Zimekwisha."

"Hata moja, Mama Nasi?"

"Muulize rafiki yako wa Industrial Area."

Watu wote wakapata kazi ya kutazama sahani zao. Abuu, maskini, alikuwa akila wali mtupu, hata nyama aliiogopa. Baba yako akavuta sahani yake, akajipakulia wali. Miezi michache baadaye alirudi Kenya kutafuta kazi, akabaki huko, na shangazi zako wakaeneza kwamba nilimfukuza mume kwa firigisi. Wanaume wengine wanashindwa na pombe, wengine na wanawake. Wangu alishindwa na kipande cha tumbo la kuku. Usinitarajie nijute. Bakuli lilikuwa limejaa, na ningemnyima hata kama yangekuwa mabakuli mawili.

Lakini kuna jambo ambalo unadhani silijui. Watu walipokuwa wakitazama sahani zao, wewe ulichukua firigisi moja kwa vidole, ukaipitisha chini ya ukingo wa meza, ukaiweka kwenye sahani yake. Naye akaila. Mikono yako ilikuwa bado ina damu kwenye kucha. Akaitafuna bila hata kukuangalia, na wewe ukatabasamu kana kwamba yeye ndiye aliyekupa. Nilikuona, Nasimiyu. Sikusema, kwa sababu nilikuwa na hasira ya kutosha kuvunja meza, na sehemu ya hasira hiyo ilikuwa juu yako.

Hicho ndicho ninachokihofia. Magonjwa ya kuku utayajua, una akili kuliko sisi. Banda litavuja, utaliziba. Ninaogopa kwamba utafanya kazi yote, kisha umpe yeye sifa kwa sababu amekaa vizuri mezani. Ubao una majina mawili. Nimeutazama sana, na ninajua ni jina lipi litakaloamka kuwapa maji.

Utasema nina dharau. Ninayo. Nimeishi nayo vizuri, imenisaidia kuamka saa kumi alfajiri kwenda kazini wakati kila mtu alikuwa na ndoto zake. Sikuombi uichukue. Una moyo mwepesi wa kutoa, sijui umeutoa wapi, si kwangu, na huenda ni kwake. Nenda nao.

Nakuomba kitu kimoja. Siku yenu ya kwanza ya kuchinja, mtoe kuku wa kwanza mwenyewe bandani na umtazame baba yako. Usimtafutie mtu wa kumsaidia kukimbia. Usimwite jirani, usimwambie apumzike, usiseme dad wacha tu nitamaliza. Mwachie nafasi ya kusimama.

Simu yake ikilia na akaanza kutafuta viatu, chinja mwenyewe, unaweza, nilikuona. Kaanga firigisi zote na ule mpaka ya mwisho, mbele yake, na zamu hii usipitishe kitu chini ya meza. Halafu unipigie. Nitaomba likizo siku hiyo hiyo, nije nikuchukue au nije nikae, utakavyotaka wewe, na sitasema nilikuambia. Nitajaribu.

Na kama atasimama. Kama atashika kisu, achafue shati, atoe manyoya, amwage maji machafu, awe bado yuko pale mkimwosha wa mwisho, basi mpe bakuli zima. Mpe kwa mikono miwili kama alivyompa Abuu kile kisu. Siku hiyo usinipigie. Mimi si mtu wa kuambiwa kwa simu kwamba nilikosea, nitakujibu vibaya, niharibu.

Niambie tarehe tu, mapema. Siku hiyo nikitoka zamu nitakaa hapa hapa, niweke simu mezani, na nitaomba isilie.

Mama